Monsenyeri Victor Roelens na Mwanafunzi Wake Mumoja



Katika siku hizi za Yubile tunamushukuru Mungu kwa miaka ambayo parokia yetu imekwisha kuishi hapa Kasumbalesa, na tumeona vema kuweka ndani ya kitabu hiki kidogo maisha ya mumoja wa wale waliotutangulia. Habari za upande wetu wa kusini zinajulikana na wengi: Wabenedikti walifika mwaka 1910, Wasalesiani wa Don Bosco wakafika mwaka 1911, wakati reli iliyotoka Rodezia na kuingia inchi yetu kwa Sakania ilikuwa ingali mupya. Lakini mbegu ya kwanza ya Eklezya katoliki katika Katanga ya zamani haikupandwa huku. Ilipandwa mbali, kaskazini-mashariki, kando ya ziwa Tanganika, pahali panapoitwa Mpala, mwaka 1885. Katika parokia ya mupaka kama yetu watu wametoka pande zote, na wale wenye asili ya Moba na Kalemie wamelisikia jina la Roelens tangu utoto wao. Wengine wanalisikia kwa mara ya kwanza leo. Tunaandika kwa ajili ya wote.

Victor Roelens alizaliwa tarehe 21 Julai 1858 katika Ardooie, kijiji cha Flandria ya Mangaribi, katika inchi ya Ubelgiji. Ni inchi tambarare, yenye mashamba na mvua nyingi, na watu wake walijulikana kwa imani ngumu na kwa kazi ya mikono. Kijana huyo alivutwa na shirika la Wamisioneri wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, ambalo Kardinali Lavigerie alilianzisha katika Aljeria mwaka 1868. Alipata upadri mwaka 1884. Mwaka 1892 alifika upande wetu wa ziwa, mwaka ule ule ambamo Kardinali Lavigerie alikufa.

Ni lazima kueleza alikuta nini. Miaka hiyo safari kutoka pwani ya bahari ya Hindi ilikuwa ya miguu, kwa njia ya Tabora hata Karema, kisha kwa mutumbwi juu ya ziwa. Kwa njia hiyo hiyo watumwa walikuwa wakishuka kwenda pwani. Vikundi vya Rumaliza, bwana mukubwa wa Ujiji, vilivuka ziwa na kuchoma vijiji. Watu walikimbilia milima ya Marungu, wengine wakakimbilia ukuta wa Mpala. Boma hilo lilijengwa na Émile Storms, afisa Mubelgiji, mwaka 1883, na baada ya miaka miwili likatiwa katika mikono ya Mapadri. Tangu mwaka 1887 lililindwa na Mufaransa mumoja, Kapiteni Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, ambaye alioa katika inchi hii, akazaa watoto hapa, na hakurudi tena kwao hata alipokufa mwaka 1927. Basi padri mugeni hakukuta kanisa lenye amani. Alikuta kundi la wakimbizi, watoto waliokombolewa kutoka minyororo, na bunduki mulangoni.

Mwaka 1893 alifanya kazi ambayo ilibadilisha uso wa inchi ile. Aliacha ukingo wa maji, akapanda juu kidogo, kwenye uwanda wa Kirungu, akaanzisha misioni aliyoiita Baudouinville, kwa kumbukumbu la Baudouin, mwana wa ukoo wa kifalme wa Ubelgiji aliyekufa kijana mwaka 1891. Leo watu wa kwetu wanasema Kirungu au Moba, na jina la mwanamufalme limebaki katika vitabu. Hapo zilipandwa bustani, yakachimbwa mifereji ya maji, matofali yakachomwa, kanisa kubwa likainuka. Wageni waliopita wakashangaa kuona muji wa namna ile ndani ya Afrika. Mwaka 1895 Roma ikamutaja Padri Roelens kuwa Vikari wa Kitume wa Kongo ya Juu, na mwaka 1896 akawekwa wakfu kuwa askofu, wa kwanza katika Kongo ya nyakati hizi. Tunasema nyakati hizi, kwani watu wa Kongo ya Chini wanakumbuka vizuri ya kuwa Henrike, mwana wa mufalme wa Kongo, alikuwa askofu tangu mwaka 1518. Alikuwa na umri wa miaka 37, na vikarieti yake ilipita mbali na ziwa, ikafika hata Maniema na Kivu.

Kama tungesimama hapa, tungekuwa tumeandika habari za mujenzi tu. Matofali ni ya lazima, lakini askofu alijua ya kuwa padri mumoja Muzungu, hata akiwa na nguvu za simba, hawezi kufikia vijiji vyote vya Marungu. Homa ilikuwa ikiwaangusha wamisioneri vijana mbele hawajajua lugha. Tena Lavigerie mwenyewe alikuwa amewafundisha wana wake ya kuwa Afrika itageuzwa na Waafrika. Alikuwa ametuma hata vijana waliokombolewa utumwani wajifunze uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta, kusudi warudi kama waganga na wakatekista. Adrien Atiman wa Karema, ng'ambo ya ziwa, ndiye anayejulikana zaidi kati yao, akatibu watu huko miaka mingi hata kifo chake mwaka 1956.

Basi kazi ya kwanza ya Monsenyeri Roelens ilikuwa kuwafundisha wahubiri, yaani wakatekista. Kanuni ya Mapadri Weupe ilikuwa kali: mutu hakubatizwa mbele ya kujaribiwa muda wa miaka minne, miwili ya kwanza kama mwenye kuomba, miwili ingine kama mukatekumeni. Nani aliwafundisha watu hawa muda wote huo, kijiji kwa kijiji, asubuhi mbele ya kwenda shambani na jioni baada ya kurudi? Padri alipita mara chache katika mwaka. Mukatekista alikaa. Alipiga kengele au ngoma, aliwakusanya watoto, aliwafundisha sala na kusoma kidogo, aliwatembelea wagonjwa, alibatiza mutoto aliyekuwa karibu na kufa, aliwazika wafu, alipatanisha waliogombana, na padri alipofika alimupa habari za kila nyumba. Aliishi kwa shamba lake mwenyewe na kwa mushahara mudogo sana. Majina ya watu hao hayamo katika vitabu vikubwa. Sisi tunaosali siku ya Bwana pamoja na mukatekista kila mara padri anapokuwa mbali, tunajua bila kuelezwa kazi hiyo ni ya namna gani.

Wamisioneri wengi wangetosheka na hapo. Wakatekista walikuwa wakitii, Wakristu walikuwa wakiongezeka, na sakramenti zilibaki katika mikono ya Wazungu. Lakini kuelekea mwisho wa karne ile Monsenyeri alifungua katika Mpala seminari ndogo, akawaweka ndani yake vijana wachache wajifunze Kilatini. Leo jambo hili laonekana la kawaida. Wakati ule halikuwa la kawaida hata kidogo. Katika koloni nzima, kati ya wakubwa wa Serikali, kati ya wafanyabiashara, na hata kati ya mapadri, wengi waliona ya kuwa Mwafrika hawezi kuchukua masomo marefu, wala hawezi kuishi bila mwanamuke, wala hawezi kusimama peke yake mbele ya altare. Na upande wa wazazi neno lilikuwa gumu vilevile: mutoto atakayekufa bila kuzaa, ni nani atakayelitaja jina lake?

Kati ya vijana waliofika Mpala mwaka 1899 alikuwako mumoja kutoka milima ya Marungu, jina lake Kaoze. Alibatizwa Stefano. Alikuwa mwenye akili kali na masikio yenye kusikiliza, akaingia seminari. Miaka hiyo hiyo ugonjwa wa malale ulianza kuwaua watu kando ya ziwa, vijiji vikabaki vitupu, na mwaka 1905 seminari ikahamishwa kutoka Mpala kwenda Lusaka, misioni iliyo juu, mbali na maji. (Msomaji wa kwetu asichanganye: siyo Lusaka ya Zambia, ambako makamyo yetu yanaelekea kila siku, bali ni kijiji cha Marungu chenye jina lile lile.) Wenzake Kaoze walirudi nyumbani, mumoja baada ya mwingine: huyu kwa ugonjwa, huyu kwa ndoa, huyu kwa kuchoka. Wakati wa kuanza masomo makubwa ya filozofia na teolojia, mwanafunzi aliyebaki alikuwa mumoja tu.

Hapa ndipo tunaona kipimo cha mutu. Askofu alikuwa na haja ya mapadri katika kila misioni. Kuweka walimu, vitabu na nyumba kwa ajili ya kijana mumoja, muda wa miaka kumi na zaidi, bila kujua kama atafika mwisho, ilikuwa hasara machoni pa kila mwenye hesabu. Angaliweza kumufanya Kaoze mukatekista mukubwa, akapata faida mara moja. Angaliweza pia, kwa kutaka sifa huko Ulaya, kumupa upadri haraka na kupunguza masomo. Hakufanya hili wala lile. Aliendesha seminari kubwa kwa mwanafunzi mumoja. Padri Auguste Huys, ambaye kisha alifanywa askofu musaidizi wake, alikuwa kati ya walimu wa kijana huyo, na masomo yalikuwa yale yale ya seminari za Ulaya, bila kupunguza kitu. Sisi tunaoishi mupakani tunajua kungoja. Tumeona makamyo yakilala siku nyingi katika musururu. Lakini dereva anajua ya kuwa mulango utafunguliwa. Kaoze hakujua, na askofu wake hakumuahidi.

Tufikiri pia juu ya kijana mwenyewe. Alikula peke yake, akajibu maswali peke yake, na kila neno alilokosea lilipimwa kama kosa la watu wote wa rangi yake. Katika miaka hiyo alifanya kitu ambacho wengi wamekisahau: kwa kutiwa moyo na Padri Arthur Vermeersch, Muyezuiti aliyekuwa amepita Kongo, aliandika kwa Kifaransa juu ya roho na mawazo ya watu wake, na maandishi hayo, La psychologie des Bantu, yakatokea katika Revue Congolaise kunako mwaka 1910 na 1911. Wenye elimu wanayahesabu kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya Mukongomani yaliyochapwa kwa Kifaransa. Mwandishi alikuwa angali mwanafunzi.

Siku ikafika. Tarehe 21 Julai 1917, katika Baudouinville, Monsenyeri Roelens aliweka mikono yake juu ya kichwa cha Stefano Kaoze na kumufanya padri, wa kwanza katika Kongo ya wakati huu. Ilikuwa sikukuu ya taifa la Ubelgiji, tena askofu alitimiza siku hiyo miaka 59. Lakini Ubelgiji yenyewe ilikuwa chini ya majeshi ya Udachi, na Ardooie, kijiji chake cha kuzaliwa, kilikuwa ndani ya inchi iliyotekwa. Mwaka mumoja mbele, askari Wakongomani walikuwa wamevuka mashariki na kuteka Tabora. Inchi kubwa za Wakristu zilikuwa zikiuana kwa mizinga, na katika kona ya Marungu, ambako miaka 25 mbele watoto walikuwa wakiuzwa kwa vitambaa na shanga, mwana wa milima alisimama altareni akainua kalisi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1919, Papa Benedikto wa 15 aliandika barua yake Maximum Illud, akawaagiza wamisioneri wa dunia yote watayarishe mapadri wenyeji. Barua ilipofika Kirungu, ilikuta kazi imekwisha kuanza.

Tangu ushirika ule wa kwanza, mambo yalikwenda kwa hatua ndogo. Baada ya vita askofu alisafiri Ulaya pamoja na padri huyo, na watu wa Ubelgiji walimuona kwa macho. Aliporudi, Padri Kaoze alifundisha seminarini, yaani yeye aliyekuwa mwanafunzi wa pekee sasa aliwatengeneza wengine; na kweli wengine walifuata, wa Kongo na wa Rwanda. Katika miaka ya 1930 askofu alichukua hatua ingine tunayoiona kuwa kubwa kuliko kanisa la matofali: aliweka misioni ya Kala katika mikono ya mapadri Waafrika, na Padri Kaoze akiwa mbele yao. Misioni bila Muzungu! Hesabu za feza, ujenzi, shule, wakatekista, ziara za vijiji, yote ilikuwa juu yao. Wale waliongoja kuona nyumba ikianguka walingoja bure.

Hatungekuwa wakweli kama tungeficha upande mwingine. Monsenyeri Roelens alikuwa mutu mugumu. Katika miaka ya kwanza misioni ya Kirungu ilitawaliwa kama usultani: Mapadri walikata mashauri, walikuwa na watu wenye bunduki, wanavijiji walidaiwa kazi, na wale waliorudi kwenye mizimu au kwenye ndoa za wake wengi waliazibiwa. Sehemu ya utawala huo Serikali iliiondoa kidogo kidogo ilipopata nguvu yenyewe. Katika mafundisho aliyoyatoa kwa wamisioneri wake mwaka 1920, na katika maandiko mengine, tunakuta mawazo juu ya mutu mweusi ambayo leo hatuwezi kuyasoma bila uchungu. Alimuona kama mutoto wa kulelewa muda mrefu, na vitu vingi vitakatifu vya wazee wetu aliviita giza tu. Padri Kaoze, aliyekuwa akikusanya historia na desturi za kabila lake, aliona ndani yake kitu kingine. Wawili hawa waliishi pamoja miaka mingi wakiheshimiana, lakini hawakutazama kwa macho mamoja.

Ndiyo maana tunashangaa. Mutu mwenye imani kubwa katika uwezo wa Waafrika angefungua seminari kwa urahisi. Yeye hakuwa na imani hiyo nyingi. Alipima, alishuku, alichelewesha. Pamoja na hayo alitii agizo la Lavigerie na desturi ya zamani ya Eklezya, ya kuwa inchi haijapata Eklezya kweli hata itakapokuwa na mapadri wake. Utii wake ulikwenda mbali kuliko mawazo yake. Wengine waliomusifu Mwafrika kwa maneno matamu katika magazeti ya Ulaya hawakumufundisha hata mumoja neno la Kilatini.

Mwishoni mwa mwaka 1929 Kivu ilitengwa kuwa vikarieti yenyewe, na Monsenyeri Edoardo Leys akapewa kuichunga. Monsenyeri Huys, aliyetazamiwa kurizi kiti cha Kirungu, alikufa mwaka 1938, mbele ya muzee wake. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 82, baada ya miaka 46 tangu ataje uaskofu, Monsenyeri Roelens aliweka chini muzigo, na Monsenyeri Urbain Morlion akaupokea. Hakurudi Flandria. Alibaki Kirungu, akakumbuka na kuandika habari za miaka ya zamani, ambazo zilichapwa katika kitabu mwaka 1948, yeye akiwa hayuko tena. Alifariki dunia katika Baudouinville tarehe 5 Agosti 1947.

Padri Stefano Kaoze aliishi miaka minne zaidi, akafa mwaka 1951. Wote wawili hawakuona mwaka 1956, ambamo Pierre Kimbondo alifanywa askofu, Mukongomani wa kwanza katika nyakati hizi, wala mwaka 1959, ambamo vikarieti za Kongo ziligeuka kuwa majimbo kamili. Vikarieti ya muzee Roelens ni jimbo la Kalemie-Kirungu leo. Mwaka 2017 Eklezya ya Kongo ilikumbuka miaka 100 ya upadri wa Kaoze, na katika misa za kumbukumbu hilo mapadri Wakongomani walizunguka altare, ambapo mwaka 1917 alisimama mumoja tu, na askofu wake nyuma yake.